Kambi si ya Wenye Fedha Tu

Katika kila shule kuna ugonjwa mmoja ambao hauandikwi katika daftari la zahanati. Ugonjwa huo humshika mvulana siku moja au mbili kabla ya safari ya kambi. Jioni alikuwa akicheza mpira, na asubuhi asema tumbo lamwuma. Wenzake wapanda gari wakiimba, naye abaki bwenini na blanketi lake. Gari likiisha kupita lango, mgonjwa apona. Naujua ugonjwa huu vizuri kwa sababu niliugua mimi mwenyewe nilipokuwa kidato cha pili, na mwaka jana, nilipokuja kuwasaidia vijana katika matayarisho ya kambi, niliuona tena usoni mwa mtoto mmoja. Daktari hana dawa yake. Dawa i mikononi mwetu sisi tunaopanga safari.

Nakumbuka karatasi niliyopewa siku zile niipeleke nyumbani. Ilikuwa na vitu 11: mfuko wa kulalia, viatu vizito vya kupandia milima, mkoba wa mgongoni, koti la mvua, tochi, chupa ya maji, na vinginevyo, na chini yake ada ya safari. Baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli. Aliisoma karatasi ile mara mbili, akaikunja vizuri, akaitia katika mfuko wa shati, akaniambia, "Mwanangu, mwaka ujao, Mungu akipenda." Nami nilijua maana ya mwaka ujao. Sikumkasirikia. Nilimwambia mwalimu kwamba naumwa. Wenzangu waliporudi Jumapili walikuwa wamejaa matope na hadithi, na muhula mzima walicheka kwa jambo nisilolielewa, maana lilitokea usiku mbele ya moto ambao mimi sikuuota.

Miaka mingi baadaye nilikifikiri tena kila kitu cha orodha ile kwa akili ya mtu mzima. Safari yenyewe ilikuwa ya kulala nje mara mbili tu, karibu na Kampala, mahali ambapo hakuna mlima wala theluji. Katika vitu vile 11, sita havikuhitajiwa kabisa. Vitatu vingetosha kimoja kwa wavulana watatu. Na viwili vilivyobaki nilikuwa navyo nyumbani. Kwa hiyo nilibaki bwenini kwa ajili ya vitu ambavyo havikuwa na kazi. Ndiyo sababu nimechukua kalamu leo. Shauri langu ni hili: kambi ya mwanafunzi anayeanza yapasa kugharimu kiasi ambacho mtoto wa fundi wa baiskeli aweza kulipa, na kama haiwezekani hivyo, basi kosa ni la mpango wetu na si la mfuko wa baba yake.

Wako wanaosema kwamba kulala hemani ni mchezo wa Wazungu, na kwamba mtu mweusi mwenye nyumba hana haja ya kwenda kuumwa na mbu. Maneno haya yachekesha, lakini si kweli. Wavuvi wa ziwa letu wamelala visiwani tangu zamani wakifuata samaki. Wachungaji wa Ankole na Karamoja wamelala pamoja na ng'ombe wao wakifuata majani na maji. Wazee wa Buganda walijifunika kwa nguo ya gome la mti wa mutuba, ambayo iligongwa kwa nyundo ya mti mpaka ikawa laini na pana. Na moto wa jioni, ambao watalii huulipia fedha nyingi, ndio uliokuwa shule ya babu zetu. Waacholi huuita wang oo, na hapo ndipo mtoto alipofundishwa hadithi, vitendawili na adabu. Kwa hiyo tukienda kambini hatuendi ugenini.

Tena, hata tukitazama jinsi kambi za skauti zilivyoanza huko Uingereza, twaona jambo la kutufundisha. Mwezi wa Agosti mwaka 1907 Baden-Powell, yule ambaye baadaye alikuja kuishi jirani zetu huko Nyeri, Kenya, akafa hapo mwaka 1941, aliwachukua wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea kuwajaribia mambo yake ya skauti. Hakuwachukua watoto wa wakubwa peke yao. Wengine walitoka katika shule za matajiri kama Eton na Harrow, na wengine walikuwa vijana wa kawaida wa miji ya karibu. Akawachanganya katika vikosi vyao. Na katika habari ya ada, watoto wa shule za matajiri walilipa pauni moja, yaani shilingi 20 za wakati ule, na wale wengine walilipa shilingi tatu na senti zake, bila kufikia nne. Walilala katika mahema yale yale na kula chakula kile kile. Kambi ya kwanza kabisa ya skauti, basi, ilipangwa kwa kuangalia uwezo wa kila mtu. Sisi tumeacha jambo hilo njiani tukashika orodha ya viatu.

Sasa mtu aweza kuuliza, "Wewe ulianzaje?" Nilianza vibaya. Wakati wa likizo, mimi na rafiki zangu wawili tulikwenda shambani kwa nyanya yangu upande wa Mityana, tukamwambia kwamba tutalala nje. Alitutazama sana, kisha akauliza, "Nani amewafukuza nyumbani?" Tukacheka, tukachukua turubai lililokuwa likifunika matofali, tukaenda bondeni karibu na mafunjo kwa sababu palikuwa na nyasi laini. Tulifunga turubai juu kabisa ili tuweze kusimama ndani. Tulitandika karatasi ya nailoni chini, ikatokeza nje pande zote, tukaona imependeza. Mvua ilikuja saa sita ya usiku. Upepo uliingia chini ya turubai ukalipuliza kama tanga la jahazi. Maji yaliyoteremka juu ya turubai yaliangukia ile nailoni iliyotokeza, yakaingia moja kwa moja mpaka kwenye migongo yetu. Mbu wa bondeni walikuwa wamekwisha kutuma habari kwa ndugu zao. Saa saba tulikuwa jikoni kwa nyanya, tumekaa kando ya mafiga, naye akicheka mpaka machozi yakamtoka. Usiku ule ulinifundisha zaidi ya vitabu, na sikulipa hata senti moja.

Mafundisho yake ni haya. Kwanza, mahali pa kulala pasiwe bondeni wala kileleni. Katika nchi yetu hii ya vilima, bonde ni la maji, ukungu na mbu, na kilele ni cha radi. Tafuta katikati ya mteremko, mahali palipoinuka kidogo, ambapo maji ya mvua hupita kando. Pili, turubai moja la mita nne kwa sita latosha wavulana wanne au watano pamoja na mizigo yao. Funga kamba imara baina ya miti miwili, lakini isipite kiuno chako kwa urefu. Litandaze turubai juu yake, uvute pembe zake mpaka karibu na ardhi, uzifunge kwa vigingi vilivyochongwa kwa panga. Nyumba fupi haichukuliwi na upepo. Ubavu wa turubai uelekee upande upepo utokako. Tatu, ile nailoni ya chini iwe ndogo kuliko paa lako, na kingo zake zikunjwe kwa ndani, isionekane nje hata kidole kimoja.

Kwa kufungia, nawasifia mipira ya ndani ya baiskeli iliyokwisha haribika. Ikatwe vipande virefu kama vile wafanyavyo watu wa bodaboda wanapofunga mizigo. Hushika, huvutika, wala haikatiki upepo unapovuta. Baba yangu alikuwa na rundo la mipira hiyo nyuma ya kibanda chake, na siku ile ya karatasi hakuna aliyemwambia kwamba angeweza kuchangia kitu chenye faida kuliko viatu.

Jambo la nne ni kitanda. Watu wengi hufikiri kwamba baridi hutoka juu, kwa hiyo hujifunika mablanketi matatu na kulala juu ya udongo. Kinyume chake ni kweli: ardhi hunyonya joto la mwili usiku kucha. Ukiwa na mablanketi mawili, moja litandike chini. Kabla ya blanketi weka mkeka, na chini ya mkeka weka majani makavu ya mgomba au gunia lililojazwa nyasi kavu, baada ya kuyakung'uta vizuri ili usilale na siafu au nge. Usiku wa Kampala si wa baridi kali. Kwa kawaida joto halishuki sana chini ya nyuzi 16. Mfuko wa kulalia wa bei kubwa ni kitu kizuri, na katika soko la Owino waweza kuupata uliotumika kwa bei ya chini ukiwa na subira ya kupekua marundo, lakini kwa usiku wetu huu si lazima. Walakini nasema wazi, mtu asichukue maneno yangu akaenda nayo Rwenzori. Kilele cha Margherita chafika mita 5,109 na kina barafu. Huko gunia la nyasi halifai kitu, na huko si mahali pa anayeanza.

Nije katika chakula, ambacho ndicho kinachokula fedha. Mwaka jana tulikuwa watu tisa, wavulana wanane na mimi. Tuliondoka Ijumaa alasiri, tukarudi Jumapili baada ya kula mchana. Tulinunua posho kilo saba, maharagwe kilo nne, karanga kilo mbili, viazi vitamu, sukari kilo moja, majani ya chai, chumvi, vitunguu, nyanya, mafuta kidogo na mkaa. Fedha zote zilizotumika zilikuwa shilingi 103,500, yaani shilingi 11,500 kwa kila mtu. Mwanafunzi anayeweka shilingi 1,000 kila juma huwa nazo kabla muhula wa majuma 12 haujaisha. Haba na haba hujaza kibaba. Hatukununua biskuti, soda wala chakula cha makopo, na hakuna aliyelalamika, maana mtu aliyebeba kuni na kuteka maji tangu asubuhi haulizi posho imepikwa na nani.

Siri ya maharagwe ni kuyaloweka tangu usiku uliotangulia, maana hupikika kwa upesi na mkaa wenu hauishi. Siri ya posho ni kumpa sufuria mtu anayejua kuipika nyumbani kwao, si yule anayejidai. Mkaa na sigiri moja kutoka kwa mafundi wa Katwe ni afadhali kuliko kukata miti. Kama mahali mlipo mmeruhusiwa kuokota kuni, okoteni zilizoanguka tu, na moto uwe mdogo. Asubuhi ya kuondoka mwageni maji juu ya majivu, mkoroge, kisha mguse kwa mkono. Kama mkono waungua, moto haujazimika.

Mahali pa kwenda pako pengi. Wa kwanza ni uwanja wa nyumbani au wa shule. Mtu ajaribu turubai lake hapo usiku mmoja, ili akishindwa awe na mlango wa kukimbilia, kama nilivyokimbilia mimi jiko la nyanya. Baada ya hapo yuko Kaazi, penye uwanja wa kambi wa skauti kando ya ziwa upande wa Busabala, ambapo kijana mwenye miguu mizuri aweza kufika kutoka mjini kwa mwendo wa asubuhi moja. Uko msitu wa Mpanga karibu na Mpigi, kiasi cha kilomita 35 kwa barabara ya Masaka, na jirani yake, Mpambire, wako mafundi wa ngoma mnaoweza kwenda kuwatazama bila kununua. Uko msitu wa Mabira katika barabara ya Jinja, kiasi cha kilomita 50, penye mahali pa kupigia kambi huko Najjembe. Msitu huu wa Mabira tuuheshimu kwa namna ya pekee. Mwaka 2007 kulikuwa na shauri la kukata sehemu yake kubwa ili pandwe miwa, watu wakaandamana Kampala, na wengine wakapoteza maisha yao siku ile. Kijana akilala usiku mmoja chini ya miti ile, akasikia ndege wake asubuhi, hatahitaji kuelezwa kwa nini watu walikasirika. Popote mwendapo, ulizeni kwanza ruhusa na ada, na mlipe kinachodaiwa. Na kama ni shamba la mtu, mwendeeni mwenyewe kwa adabu, mkiwa na barua ya shule.

Nimesema sana juu ya kupunguza gharama. Sasa nataka kusema juu ya mambo ambayo haifai kuyapunguza hata kidogo, maana mtu akifanya uchumi mahali pasipofaa aweza kuzika rafiki.

La kwanza ni chandarua. Kila mtu alale ndani ya chandarua kilichofungwa katika ile kamba ya paa na kuchomekwa chini ya mkeka. Malaria haijali kwamba mlikuwa mnafurahi. La pili ni maji ya kunywa. Yachemshwe yote, hata kama yaonekana safi. Kampala iko juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,200, kwa hiyo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, lakini yakitokota kwa nguvu dakika moja yatosha kuua vijidudu. La tatu ni ziwa. Najua kwamba vijana wakiona maji hutaka kuruka, lakini kando ya Ziwa Victoria, hasa penye magugu na konokono, pana kichocho, na maji yamezamisha wengi waliojua kuogelea. Kama hakuna mtu mzima aliyekubali kusimama hapo na kutazama, mtu asiingie.

La nne ni radi. Nchi yetu ya ziwa ina ngurumo nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, nasi hatukusahau mwaka 2011, radi ilipopiga shule ya msingi huko Kiryandongo ikaua wanafunzi 18. Mkiona wingu jeusi na kusikia ngurumo, msikae chini ya mti mrefu ulio peke yake, msikae kileleni, na kama kuna jengo imara au gari karibu, ingieni. Turubai huzuia mvua, halizuii radi. Kwa sababu hiyo ni vizuri kambi ya wanaoanza isiwe mbali na jengo, na isiwe katika miezi ya mvua kubwa, yaani Machi mpaka Mei, na Septemba mpaka Novemba.

La tano ni hewa ya mkaa. Sigiri isiingizwe ndani ya hema wala chini ya turubai lililofungwa, hata kama baridi ni kali, hata kwa dakika chache. Hewa ile haina harufu, na mtu hulala asiamke. La sita ni mtu mzima mwenye kujua anakokwenda, sanduku la dawa, na simu yenye umeme wa kutosha, izimwe na kutunzwa kwa siku ya haja. Haya yakikosekana, kambi iahirishwe, na hakuna aibu.

Najua kwamba wazazi wengine watakataa, nami siwalaumu. Katika nchi yetu wako watu walio hai ambao walilala porini kwa sababu ya vita, na neno kambi kwao si neno la furaha. Mama mmoja aliniambia, "Mimi nililala chini ya turubai miaka miwili ili mwanangu alale kitandani." Sikuwa na jibu la haraka, na sikutaka kumshinda kwa maneno. Nilimweleza tu mahali tutakapokuwa, nani atakuwapo, na saa ya kurudi, nikamwomba aje mwenyewe Jumamosi aone. Alikuja. Aliketi nasi, akala viazi, akarekebisha jinsi tulivyofunga chandarua kimoja, akaenda zake bila kusema neno. Mwanawe alibaki. Mzazi ana haki ya kuja kutazama, na kambi ambayo haiwezi kutazamwa na mzazi isifanywe.

Wengine husema, "Faida yake ni nini? Mtihani haulizi habari ya turubai." Ni kweli haulizi. Lakini Jumamosi ile jioni tulikuwa na vijana wa makabila matano karibu na moto, na kila mmoja alitoa hadithi ya kwao kwa Kiswahili, maana hiyo ndiyo lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kujivunia kwamba ni ya mama yake. Wote walikosea, wote wakasahihishana, na hakuna aliyeona haya. Darasani nimewafundisha vijana hawa kwa miezi bila kusikia Kiswahili kingi namna ile. Tena nilimwona kiranja mmoja, ambaye shuleni sauti yake ni kubwa, akishindwa kuwasha mkaa uliopata unyevu, na akiomba msaada kwa upole. Mtihani haulizi jambo hilo, lakini maisha yataliuliza.

Aliyemsaidia ndiye yule mtoto niliyemtaja mwanzo. Siku mbili kabla ya safari nilimkuta amejilaza, nikamwuliza, "Tumbo lauma tangu lini?" Akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Tangu barua ilipokuja, Mzee." Sikumwuliza tena. Nilimwambia kwamba ninahitaji mtu wa kusimamia jiko, na kwamba msimamizi wa jiko aje na blanketi na kikombe tu. Alikuja na blanketi la mama yake ndani ya gunia. Nyumbani kwao yeye ndiye awapikiaye wadogo zake, na mkaa mbichi ameupuliza tangu utoto. Kufika Jumapili, wenzake walikuwa wakimwita Bwana Jiko, na jina hilo amelipenda mpaka leo.

Lakini mtu mmoja kumvuta mtoto mmoja si mpango, ni bahati. Kama siku ile nisingepita bwenini, angebaki. Kwa hiyo naleta shauri mbele ya wanafunzi na mbele ya wanafunzi wa zamani. Shule na iwe na Sanduku la Kambi. Ndani yake yawekwe maturubai matatu, kamba, mipira ya baiskeli, vyandarua 10, sufuria kubwa mbili, sigiri mbili, jerikeni mbili za maji, jembe la kuchimbia choo, panga moja, na sanduku dogo la dawa. Vitu hivi vyatosha watu 10 kwa miaka mingi vikitunzwa. Kiranja mmoja awe na daftari la kuandika kilichotoka na kilichorudi. Turubai likirudi likaushwe juani kabla ya kukunjwa, maana unyevu hula kuliko panya.

Ninyi wenzangu mliokwisha toka shuleni, mnaosoma gazeti hili mkiwa ofisini Kampala, Nairobi au hata ng'ambo, sikuombeni mchango mkubwa wa fedha. Tazameni stoo zenu. Lile turubai la gari mliloliuza, ile sufuria ya arusi iliyo juu ya kabati, ile kamba, kile chandarua kilichobaki katika karatasi yake. Na mwenye nafasi na atoe Jumamosi moja kwa mwaka aje kusimama kando ya ziwa na kuwatazama vijana, maana mtu mzima wa kuaminika ni adimu kuliko turubai.

Na kwa habari ya ada, tufanye kama walivyofanya Brownsea mwaka 1907. Kila mzazi aseme kwa siri kwa mwalimu kiasi anachoweza, na asiyeweza kitu alete viazi, au mkaa, au mikono yake. Jina lisisomwe mbele ya darasa. Karatasi ya vitu iwe fupi: blanketi, kikombe, sahani, sweta, nguo za kubadilisha, sabuni. Mtoto akiipeleka nyumbani, baba aisome mara moja tu, na asiikunje.

Mzee wangu, fundi wa baiskeli, hakuwahi kulala kambini. Nilipomweleza habari ya Bwana Jiko na mipira ile iliyofunga paa letu, alifikiri, akauliza tu, "Ilishika?" Nikamwambia ilishika. Siku ya pili alinipelekea gunia zima.

Limo bwenini, chini ya kitanda cha kiranja. Sanduku la Kambi limekwisha anza.